Mahali Sauti Inapoingilia

Kwaya ya kanisa moja nje kidogo ya mji wa Wote, kaunti ya Makueni, iliamua kurekodi nyimbo zake bila kupanda gari kwenda Nairobi. Ilikuwa na karibu kila kitu: waimbaji waliozoeana kwa miaka mingi, kibodi, gitaa la besi, ngoma, mikisa ya njia nane, maiki za waya zilizotunzwa vizuri, na laptopu ya katibu. Kilichobaki ni kuunganisha mikisa na laptopu. Kijana wa duka la vifaa vya simu akawauzia waya mfupi wenye pini ndogo kila upande. Wakauchomeka, programu ikaonyesha mawimbi ya sauti yakipanda na kushuka, wakaimba mchana kutwa.

Jioni walipokaa kusikiliza, furaha iliwatoka. Waimbaji walisikika wako mbali, besi haikuwapo kabisa, mwangwi wa mabati umejaa kila mahali, na mtoto aliyekohoa karibu na meza alisikika vizuri kuliko sauti ya kwanza.

Mwandishi wa makala haya alikuwa mgeni wa kwaya hiyo wiki hiyo. Aliomba programu irekodi tena, kisha akakwaruza ubavu wa laptopu kwa ukucha. Mkwaruzo ulirudi mkubwa. Jibu likapatikana papo hapo: mchana kutwa laptopu ilikuwa ikisikiliza kwa maiki yake ya ndani, ile ndogo iliyo juu ya skrini. Waya wa kutoka kwenye mikisa haukuwa umeingiza chochote.

Tangu hapo, katika safari za kurekodi kwaya, magitaa ya benga, akina mama wa ngoma ya kilumi na kaseti za zamani katika kaunti za Kitui na Makueni, mwandishi huyo amekutana na jambo hilo kwa sura nyingi. Watu huhangaikia programu na kompyuta yenye nguvu, ilhali rekodi nyingi huharibikia mahali padogo sana, pale waya unapoingia kwenye mashine. Kilichoshindwa kuingia hapo hakuna programu inayoweza kukirudisha.

Tundu lenyewe linastahili kuangaliwa kwa makini. Laptopu nyingi za leo zina tundu moja tu la duara, la milimita 3.5, linalohudumia masikio na maiki kwa pamoja. Pini inayolifaa ina sehemu nne zilizotenganishwa na pete tatu nyembamba. Ncha ni ya sikio la kushoto, inayofuata ni ya sikio la kulia, ya tatu ni ya ardhi, na ya nne, iliyo karibu na mpini, ndiyo ya maiki. Mpangilio huo huitwa CTIA na ndio unaotumiwa na simu na laptopu nyingi. Waya wa dukani una pini ya sehemu tatu. Sehemu yake ya mwisho ni ndefu, hivyo ikiingia ndani hugusa ardhi na njia ya maiki kwa wakati mmoja. Laptopu inaamini kwamba ni vipokea sauti vya masikioni vimechomekwa, inaendelea kutumia maiki yake ya ndani, na haitoi onyo lolote.

Kuna kifaa kidogo cha kutatua hilo: kigawanyi chenye mkia wa pini ya sehemu nne na matundu mawili, moja la maiki na jingine la masikio. Laptopu za zamani zilizotumika Ulaya, ambazo bado ni nyingi mijini Kitui na Mwingi, zina matundu mawili tayari. Katika kompyuta nyingi za meza rangi husaidia: la waridi ni la maiki, la kijani ni la spika, na la samawati ni la kuingizia sauti kutoka kwa redio, deki au mikisa.

Kwaya ya Wote ilipopata kigawanyi, sauti iliingia, lakini iliingia ikiwa imepasuka. Hapo ndipo lilipojitokeza somo la pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza. Tundu la maiki limeandaliwa kwa umeme mdogo mno. Maiki maarufu ya waya kama Shure SM58, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966, hutoa takriban milivolti 2 mtu anapoimba kwa nguvu ya wastani karibu nayo. Matundu ya mikisa yaliyoandikwa REC OUT au TAPE OUT hutoa kiasi cha milivolti 316. Hiyo ni zaidi ya mara 100.

Mkazi wa Kitui anayechota maji kwa kata katika shimo la mchanga wa mto mkavu ataelewa upesi. Sauti ya maiki ni maji ya kata, na ya mikisa ni mpira wa lori la maji. Dumu lenye mdomo mwembamba likielekezewa mpira huo, maji yatamwagika kote na dumu halitajaa.

Katibu alijaribu kupunguza kitelezi cha sauti ndani ya Windows. Mawimbi yakawa madogo kwenye skrini, lakini mpasuko ukabaki vilevile. Sababu ni kwamba ampu ndogo iliyo nyuma ya tundu la maiki ilikuwa imekwisha kuzidiwa kabla sauti haijafika kwenye kitelezi. Zaidi ya hayo, tundu la maiki la laptopu kwa kawaida hupokea njia moja tu, kwa hiyo mpangilio wote wa kushoto na kulia uliofanywa kwenye mikisa ulikuwa unapotea.

Suluhisho lilikuja kwenye bahasha iliyotumwa kwa matatu kutoka Luthuli Avenue, Nairobi: kadi ya sauti ya nje, ya kuchomekwa kwenye USB. Kadi hizi hazifanani, na hapo ndipo wengi hupoteza pesa. Behringer UCA202 ina matundu mawili ya RCA ya kuingizia sauti, jekundu na jeupe, na haina ampu ya maiki. Ni sahihi kabisa kwa mikisa au deki ya kaseti, na haifai kitu kwa maiki iliyochomekwa moja kwa moja. Focusrite Scarlett 2i2 ina matundu mawili ya maiki yenye ampu zake, na ina kitufe cha kupeleka volti 48 kwa maiki za kondensa ambazo haziwezi kufanya kazi bila umeme huo. Mtu anayenunua aanze kwa kujiuliza anataka kuingiza nini, ndipo aulize bei.

Kwaya ilikuwa na mikisa tayari, kwa hiyo ile ya RCA ilitosha. Ilipochomekwa, ilitokea kwenye orodha ya Windows kwa jina la USB Audio CODEC. Ilibidi ichaguliwe kwa mkono katika mipangilio ya sauti, na Audacity, programu ya bure iliyotoka mwaka 2000, ifungwe na kufunguliwa upya ili iione. Pia kulikuwa na kitu cha kuzima: vile viboreshaji vya sauti ambavyo kompyuta hujiwekea yenyewe. Vimetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu na mikutano. Huondoa kila sauti inayoendelea bila kubadilika kwa kudhani ni kelele, na noti ndefu ya sauti ya nne wakati mwingine huingia katika hukumu hiyo.

Kiwango kikapangwa ili sauti kubwa kabisa ifike kwenye desibeli 12 chini ya sifuri. Nafasi hiyo ya juu ni muhimu, kwa sababu kwaya ikipashwa moto na wimbo wa tatu huimba kwa nguvu kuliko ilivyoimba wakati wa kupima. Katika kurekodi kwa dijitali, sifuri ni mwisho wa njia. Sauti ikivuka, kilele chake hukatwa na hakirudi.

Hata hapo bado palikuwa na kasoro. Sauti ilikuwa safi, ya pande mbili, bila mpasuko, lakini ngoma zilisikika kwa mbali na kibodi ilifunika kila kitu. Kosa halikuwa la waya. Mikisa ilikuwa imepangwa kwa ajili ya watu walioketi ukumbini. Ngoma zina sauti kubwa zenyewe, kwa hiyo hakuna aliyeziwekea maiki, na kile ambacho hakiingii kwenye mikisa hakifiki kwenye laptopu. Kiongozi wa kwaya alikubali spika za ukumbi zizimwe, maiki moja ihamishiwe kwenye ngoma, na mizani yote ipangwe upya na mtu aliyevaa vipokea sauti vilivyochomekwa kwenye kadi yenyewe, akisikia kile tu ambacho laptopu inapokea. Siku hiyo ndipo kwaya iliporekodi nyimbo zake.

Ukiondoka Makueni kwa barabara ya lami ya Kibwezi hadi Kitui, unavuka Mto Athi na kufika Mutomo. Sehemu hizi zina wapiga gitaa wa benga ya Kikamba, warithi wa muziki uliotamba katika miaka ya 1970 na 1980 kupitia bendi kama Les Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo na Kyanganga Boys ya Peter Mwambi. Uhai wa benga hii uko kwenye nyuzi za juu: gitaa la kwanza likijibizana na mwimbaji, kila noti ikiwa kali na safi. Gitaa la umeme likichomekwa kwenye tundu la maiki, ukali huo hufifia. Sumaku za gitaa zinataka tundu lenye ukinzani mkubwa, kiasi cha ohm milioni moja, ilhali la maiki lina ohm elfu chache tu. Kadi nyingi zina kitufe kilichoandikwa INST kwa kazi hiyo. Kukibonyeza huchukua muda mfupi, na tofauti yake husikika hata kwa mtu asiyejua lolote kuhusu vifaa.

Katika mji mmoja wa kusini mwa Kitui, mpiga gitaa alimletea mwandishi rekodi iliyomtia wasiwasi. Kwenye vipokea sauti vya masikioni ilikuwa nzuri, pana hata kupita kiasi. Kwenye simu yenye spika moja, karibu kila kitu kilitoweka, kikabaki kivuli chembamba cha sauti.

Rekodi hiyo ilifanywa kwa maiki nzuri yenye kebo ya XLR, iliyounganishwa kwa kipande cha kubadilisha pini na kuingizwa kwenye laptopu ya zamani yenye tundu la njia mbili. Kebo ya XLR hubeba sauti moja mara mbili, ya pili ikiwa imepinduliwa. Mikisa au kadi ya sauti huzilinganisha hizo mbili, ikaondoa kelele zilizoingia njiani na kubakiza sauti. Kipande kile cha kubadilisha kiliipeleka moja sikio la kushoto na nyingine sikio la kulia. Mradi masikio yametengana, zote mbili zinasikika. Zikikutana kwenye spika moja, zinafutana.

Wasikilizaji wengi wa Ukambani husikiliza kwa spika moja: ya simu, ya redio ndogo inayokaa dirishani jikoni, ya kinyozi. Musyi FM na Mbaitu FM huwafikia hivyo, na vilevile Radio Mang'elete, kituo cha jamii kilichoanzishwa na vikundi vya akina mama huko Nthongoni, Makueni. Rekodi ya yule mpiga gitaa iliokolewa kwa urahisi, kwa kufuta njia moja na kubakiza nyingine. Lakini tangu wakati huo mwandishi hajawahi kukabidhi kazi kabla ya kuisikiliza kwenye simu ya kawaida.

Kero nyingine ya kila mahali ni mvumo wa chini unaoendelea bila kukoma. Umeme wa Kenya ni volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde, na mvumo huo ndio sauti yake. Mara nyingi huingia pale laptopu inapopata umeme kwa chaja na mikisa kwa soketi nyingine, kisha waya wa sauti ukaziunganisha, hivyo ardhi zikawa na njia mbili za kuzunguka. Fundi mmoja wa redio huko Makindu alikuwa na dawa fupi. “Mwalimu, chomoa chaja kwanza,” alimwambia mwandishi, na mvumo ukakata. Laptopu yenye betri nzima ni kifaa cha kurekodi bora kuliko mpya inayotegemea chaja. Pale betri isipotosha, vifaa vyote vipate umeme kutoka soketi moja, au sauti ipitishwe kwenye kisanduku cha DI chenye swichi ya kukata ardhi ya waya wa sauti. Wapo wanaong'oa ile pini ya ardhi kwenye plagi ya umeme. Hao wanaondoa mvumo kwa kuhatarisha maisha ya anayeshika maiki.

Katika vijiji visivyofikiwa na nyaya za umeme, jenereta huwa jirani mbaya. Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alikuwa na tatizo hilohilo. Aliiweka jenereta yake mbali kwa kebo ndefu, naye akashika maiki mkononi akiielekeza kwa mwimbaji, kisha kwa ala. Mwaka 1950 alirekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo uliokuja kujulikana kama “Chemirocha”. Zaidi ya miaka 60 baadaye, maktaba aliyoianzisha, ILAM ya Afrika Kusini, ilizirudisha rekodi hizo kwa wenyewe. Waliosikiliza waliweza kuwatambua watu wao, kwa kuwa mtu mmoja alijali mahali pa kuweka jenereta.

Nyimbo za kilumi zinadai uangalifu wa namna hiyo. Kilumi ni ngoma ya Wakamba inayochezwa hasa na akina mama wazee, yenye uhusiano na mizimu na maombi ya mvua. Mtafiti Paul Kavyu aliandika kuhusu muziki wa Wakamba katika kitabu chake cha 1977, na kuhusu ngoma zao katika kingine cha 1986. Maandishi yanaeleza mapigo, ila hayawezi kutoa sauti ya mkono juu ya ngozi.

Kwa kilumi, mwandishi hubeba mzigo mdogo: laptopu iliyojaa chaji, kadi ya njia mbili inayopata umeme wake kupitia USB, maiki mbili zilizovikwa sponji za kuzuia upepo, na kebo ndefu. Maiki moja huenda kwa ngoma, nyingine kwa waimbaji. Kiwango hupimwa kwa pigo kubwa kuliko yote, maana ngoma hupanda ghafla kuliko sauti ya mtu. Kisha jambo ambalo halipo katika maelekezo ya kifaa chochote: kiongozi wa akina mama huvishwa vipokea sauti kabla ya kazi kuanza. “Susu, sikiliza kwanza,” mwandishi humwambia, akimwita bibi kwa Kikamba, naye husikia wenzake kupitia waya. Mara nyingi ndiye anayesema kwamba ngoma imezidi, au kwamba yule wa mwisho mstarini hasikiki. Sikio lake linajua inavyopaswa kuwa.

Kaseti za zamani nazo zina foleni yake. Nyumba nyingi za Kitui na Makueni zina boksi la kaseti: benga, mahubiri, sauti ya babu akitoa wosia. Joto na vumbi havizisubiri. Njia salama ni deki yenye matundu ya RCA nyuma, iliyosafishwa vichwa kwa pamba na spiriti ya isopropili, iunganishwe na kadi ya aina ya UCA202. Tundu la vipokea sauti la redio-kaseti hutumika pale tu deki inapokosekana, kwa kuwa sauti yake hupitia ampu nyingine na vidhibiti vya besi kabla ya kutoka. Kaseti ya dakika 60 itachukua dakika 60 kurekodiwa. Kwa ubora wa CD, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, njia mbili, saa hiyo itakula takriban megabaiti 635. Faili ihifadhiwe kwanza kama WAV, na MP3 ya kutuma kwa simu itokane na hiyo.

Baada ya sauti kuingia salama, huanza maswali ya umiliki. Tangu mwaka 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na inataka ridhaa ya jamii kabla ya watu wengine kutumia mali yake. Kwa kilumi, ridhaa hiyo iombwe kwa Kikamba, mbele ya kikundi chote, kabla kebo haijafunguliwa, na nakala ya kwanza ibaki na akina mama wenyewe kwenye flashi yao.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na maktaba. Kitui na Makueni zina kumbi za kijamii, kuna Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya pale Kwa Vonza, na kuna vijana wengi wenye laptopu. Kinachohitajika kwenye kila ukumbi ni mkoba mmoja wa kuazimwa: kadi ya njia mbili, maiki mbili za waya, kebo mbili ndefu za XLR, waya wa RCA, kigawanyi cha pini nne, kisanduku cha DI, na vipokea sauti vya kufunika masikio. Ndani yake iwekwe karatasi moja inayoonyesha kila waya huingia wapi, pamoja na daftari la kuandika jina la wimbo, waliouimba, kijiji, tarehe na jinsi vifaa vilivyounganishwa. Wazee wanaojua nyimbo hizi bado wapo, na wengi wako tayari kuimba mtu akifika na kuwaomba.